Kijana anashinda na njaa, usiku anafakamia, kisha anajilaumu: nini kinaanzisha na nini kinaendeleza?

Mnasihi_Mkufunzi

Wakuu, habari za leo. Naandaa mafunzo ya siku 2 kwa wanasihi rika wanaokutana na vijana wa miaka 18 hadi 25, na kipengele cha ulaji ndicho kinachonikwamisha. Siwalengi tu wale ambao daktari ameshasema wana anoreksia (kujinyima chakula na kupungua sana kwa hofu ya kunenepa) au bulimia (kufakamia kisha kujitapisha au kufidia kwa njia nyingine). Nawalenga zaidi walio nje ya kliniki: anayeshinda na njaa mchana kutwa kisha anafakamia usiku akiwa peke yake, anayejitapisha "mara mojamoja tu", anayekimbia saa nzima kulipia alichokula, aliyefuta wanga wote kwa jina la kula safi, anayepanda mizani kila akiingia bafuni.

Vitini nilivyo navyo vinatoa orodha ileile: kutojithamini, kutaka ukamilifu, wasiwasi, kiwewe cha utotoni, mitandao, malezi. Orodha hiyo haimwambii mnasihi afanye nini pale kijana anapoketi mbele yake. Naomba mnisaidie mambo matatu. Kati ya sababu hizo za kisaikolojia, zipi zinamshikilia mtu leo na zipi ni historia? Mnasihi aanze na hisia au aanze na chakula? Na mpaka uko wapi, yaani saa ngapi aache kunasihi ampeleke mtu hospitali?

Ushauri wa "mwambie ajipende alivyo" ninao wa kutosha.

---

Fikra_na_Tabia

Mkuu, orodha yako igawe mafungu mawili kabla ya kuifundisha. Kudhihakiwa umbo akiwa na miaka 13, nyumba ambamo uzito wa watu ndio mazungumzo ya mezani, kiwewe, hulka ya wasiwasi tangu utotoni, na urithi wa kinasaba (ambao tafiti za mapacha zinaupa mchango mkubwa, hasa kwenye anoreksia): hayo yanaeleza kwa nini huyu amepata tatizo na jirani yake hakupata. Mnasihi rika hawezi kuyafuta. Yanayoendeleza tatizo ni mengine, na yanatokea wiki hii, mara nyingi jana usiku. Fundisha hayo.

Mwaka 2003 watafiti Fairburn, Cooper na Shafran walipendekeza kwamba anoreksia, bulimia na jamaa zake zinashikiliwa na utaratibu unaofanana, ndiyo maana mtu mmoja huhama kutoka jina moja la ugonjwa hadi jingine bila kiini kubadilika. Kiini chenyewe ni kwamba mtu anajipima thamani yake yote kwa umbo, uzito, na uwezo wake wa kuvidhibiti. Watu wengi hawaridhiki na miili yao na maisha yanaendelea. Huyu kilo moja ikiongezeka anajiona amefeli kama binadamu.

Akishafika hapo anajiwekea sheria. Angalia vizuri, ni sheria, maana hazina nafasi ya kupinda: hakuna kula baada ya saa 12 jioni, mkate ni marufuku, mafuta ni marufuku. Sheria ngumu kiasi hicho lazima zivunjwe, na zikivunjwa kwa kipande kimoja cha keki yeye hasemi "nimekula keki". Anasema siku imeshaharibika, acha nile kila kitu, Jumatatu naanza upya. Anafakamia. Anaingiwa na hofu ya kunenepa. Sheria za Jumatatu zinakuwa kali kuliko za mwanzo, na mzunguko umekamilika.

Hili lilionekana maabara zamani sana. Mwaka 1975 Herman na Mack waliwapa wanawake milkisheki, kisha wakawaomba waonje aiskrimu na kutoa maoni, wakiwa huru kula kiasi chochote. Wasiokuwa na kawaida ya kujinyima walifanya kama ungetegemea: kadiri walivyokunywa milkisheki nyingi, ndivyo walivyokula aiskrimu kidogo. Waliokuwa wanajinyima walikula zaidi baada ya kunywa milkisheki kuliko pale ambapo hawakunywa. Tumbo lilikuwa na chakula tayari, lakini sheria ilikuwa imevunjika.

Kisha kuna njaa yenyewe, na hapa wanasihi wengi wanapotea. Mwaka 1944 na 1945, Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula hadi takriban nusu wanaume 36 wa kujitolea, wazima wa mwili na akili, kwa wiki 24. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walianza kuwaza chakula kutwa nzima, wakakusanya vitabu vya mapishi, wakavuta mlo mmoja kwa muda mrefu kupita kiasi, wakajitenga na wenzao, wakawa na hasira na huzuni. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walifakamia kwa wingi wa kutisha na bado wakasema hawajashiba. Hakuna hata mmoja aliyeingia pale kwa sababu ya kuchukia umbo lake. Kwa hiyo kijana asiyekula akikuonyesha ukali, kutopenda watu, mawazo yanayozunguka chakula tu, usikimbilie kusema ndivyo alivyo. Sehemu ya hayo ni njaa, na itapungua akila.

Hilo linajibu swali lako la pili: anza na chakula. Saa, mpangilio, idadi ya milo. Kuchimba utoto wa mtu ambaye hajala tangu jana ni kupoteza muda wa wote wawili, maana ubongo wenye njaa haukumbuki vizuri wala haupimi mambo kwa utulivu.

Kuhusu hisia, kuna dhana moja ya kuiondoa kwenye vitini vyako, kwamba watu hufakamia "ili wajisikie vizuri". Tafiti zinazomfuata mtu kwa simu na kumuuliza hali yake mara kadhaa kwa siku zilijumlishwa pamoja mwaka 2011 na Haedt-Matt na Keel. Hisia mbaya hupanda kabla ya kufakamia, kweli. Lakini baada ya kufakamia hazishuki, zinazidi. Kinachozishusha kwa wenye bulimia ni kule kujitapisha au kujisafisha tumbo kwa dawa za kulainisha choo kunakofuata, na ndiyo sababu tabia hiyo hunata. Kufakamia kwenyewe kunatoa kitu kingine: Heatherton na Baumeister mwaka 1991 walieleza kuwa ni kutoroka nafsi. Kwa dakika chache macho na akili vinabaki kwenye chakula tu, na ile sauti inayomhukumu inanyamaza. Kijana akikwambia "nikiwa nakula siwazi kitu chochote", yaandike maneno hayo kama yalivyo, amekueleza tabia inamfanyia kazi gani.

Ukamilifu uupime kwa swali moja: "Ulipofikia uzito uliojipangia, ulifanya nini?" Mwenye ukamilifu wa kuumiza karibu kila mara atajibu kwamba alishusha lengo. Akifaulu, anasema lengo lilikuwa rahisi. Akishindwa, ni uthibitisho kwamba hafai. Hakuna matokeo yanayoweza kumridhisha, na mtihani wa chuo ataufanyia hivyohivyo.

---

Sahani_na_Saa

Nakazia hapo kwenye kuanza na chakula, nikiingia upande wa lishe. "Kula vizuri" ni maneno matupu kwa mtu wa namna hii. Anahitaji ratiba.

Milo 3 na vitafunwa 2 au 3 kwa siku, na kati ya mlo mmoja na unaofuata zisipite saa 4 akiwa macho. Anakula saa ikifika, awe na njaa asiwe nayo, kwa sababu baada ya miezi ya kujinyima na kufakamia ishara zake za njaa na shibe haziaminiki. Wiki za kwanza usiguse anakula nini. Gusa lini tu. Ukianza kumrekebishia aina za vyakula siku ya kwanza umempa sheria mpya, na sheria ndizo zilizomfikisha hapo.

Palipo na mtego ni mlo unaofuata baada ya kufakamia. Kafakamia saa 4 usiku, asubuhi ataruka kifungua kinywa kwa kuona "nimeshakula cha kesho". Saa 10 jioni njaa imemshika, jioni anafakamia tena. Mlo wa asubuhi baada ya usiku mbaya ndio muhimu kuliko yote ya wiki, na anatakiwa kuula ukiwa kamili, kwa saa yake. Ukiweza kumsaidia kuulinda huo mmoja tu, umefanya kazi kubwa. Mtego mwingine: anasema anakula vitafunwa, ukiuliza unakuta ni nusu tunda na maji.

Shajara ya ulaji inasaidia sana ikiandikwa sawasawa. Saa, alichokula kwa maneno ya kawaida, mahali alipokuwa, alama ya nyota pale alipohisi amekula kupita kiasi kwa viwango vyake, kama alijitapisha au kutumia dawa, na sentensi moja ya alichokuwa anawaza au kuhisi. Aandike hapohapo. Inayojazwa usiku wakati wa kulala haina thamani, kwa sababu hisia za saa 7 mchana zimeshageuka kuwa hukumu. Kalori zisiandikwe kabisa. Na zile programu za simu za kuhesabu kalori azifute. Kwa mtu mwenye mwelekeo huu zinachochea moto.

Mizani: mara 1 kwa wiki, siku ileile, na hakuna kutoa hukumu kwa namba moja. Mwelekeo usomwe kwa wiki 4. Mwili wa mtu mzima unapanda na kushuka kilo 1 hadi 2 ndani ya siku kwa maji, chumvi, choo, na kwa wanawake hedhi pia. Anayejipima mara nne kwa siku anasoma maji na kuyaita mafuta. Lakini pia anayekataa kabisa kupanda mizani kwa woga hajapona, amekimbilia upande wa pili.

Mnasihi ajue pia mambo mawili ya mwili, kwa sababu yanavunja hoja ambayo kijana anajitetea nayo. Dawa za kulainisha choo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji, na mwili hujibu kwa kuyashikilia akiacha dawa, ndiyo maana siku za mwanzo anavimba miguu na kuamini kwamba amenenepa. Aambiwe mapema kwamba uvimbe huo hupita, la sivyo atarudi kwenye dawa. Kujitapisha nako hakurudishi chote kilicholiwa, sehemu kubwa hubaki. Tena huvimbisha tezi za mate chini ya masikio, uso unaonekana umejaa, naye akijitazama kwenye kioo anapata sababu nyingine ya kujinyima.

Na ambaye bado anatapika, asipige mswaki papo hapo. Asidi ya tumbo imeshalainisha meno, mswaki utayakwangua. Asukutue kwa maji na asubiri walau nusu saa.

---

Zamu_ya_Usiku

Nitajibu swali la tatu tu.

Hospitali siku hiyohiyo: amezimia au anakaribia kuzimia akisimama, maumivu ya kifua au moyo kwenda mrama, mapigo chini ya 40 kwa dakika akiwa ametulia, misuli kulegea au kukakamaa, damu kwenye matapishi, amechanganyikiwa, au ana mpango wa kujiua. Mwenye kisukari anayepunguza au kuacha insulini ili akonde ni dharura, hata akija anacheka. Mjamzito anayejitapisha naye asisubiri wiki ijayo.

Anayetapika mara kwa mara au kutumia dawa za choo hupoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kusimama bila onyo la maana. Kipimo cha damu na cha umeme wa moyo ndivyo vinavyoonyesha. Sura haionyeshi.

Narudia hilo la sura kwa sababu ndilo linaloua. Mtu mwenye mwili mkubwa aliyepungua kilo nyingi kwa miezi michache anaweza kuwa na mapigo ya chini na damu iliyovurugika sawa na aliyekonda. Mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka 2013, unaitambua anoreksia ya namna hiyo. Wanasihi wafundishwe kuuliza amepungua kiasi gani na kwa kasi gani, badala ya kumkagua kwa macho.

Kosa jingine ni la watu wema: kijana hajala chochote cha maana kwa siku 5 au zaidi, mtu anamjazia sahani na kumsimamia amalize. Chakula kingi cha ghafla kinafanya insulini ipande, fosfeti, potasiamu na magnesi zinavutwa kuingia ndani ya seli, na damu inabaki bila. Moyo na mapafu vinaweza kushindwa. Mtu huyo analishwa hospitalini, kidogokidogo, akipewa vitamini B1 na kupimwa damu.

Kwa mchujo wa haraka kuna maswali 5 yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1999: anajitapisha kwa kuona ameshiba vibaya, ana hofu kwamba ameshindwa kujizuia katika kula, amepungua zaidi ya kilo 6 hivi ndani ya miezi 3, anajiona mnene wakati wengine wanamwona amekonda, chakula kimetawala maisha yake. Majibu 2 ya "ndiyo" yanatosha kumpeleka kwa mtaalamu. Hayatoshi kumwambia ana ugonjwa gani.

Na kuhusu kujiua, ulizeni waziwazi. Kuuliza hakupandikizi wazo.

---

Pande_Mbili

Uzi mzuri, ila nimpinge kidogo Fikra_na_Tabia. Ukimsoma unaweza kudhani kila anayefakamia alianza kwa kujinyima. Sivyo. Kwenye ugonjwa wa kufakamia usio na kujitapisha, ambao mwongozo huohuo wa 2013 uliupa nafasi yake, wapo wengi tu walioanza kufakamia kabla ya kujaribu kupunguza uzito hata mara moja. Kwa hao hisia ndizo zilitangulia: upweke, aibu, nyumba isiyo na usalama, na kutojua kutaja anachohisi. Ukimshughulikia kwa ratiba peke yake atakula milo mitatu na bado afakamie.

Wapo pia ambao umbo halihusiki kabisa. Anakwepa vyakula kwa sababu ya jinsi vinavyohisika mdomoni, harufu, au hofu ya kukabwa baada ya kuwahi kukabwa. Hilo huonekana zaidi kwa wenye usonji. Mwenye tatizo la umakini naye anaweza kusahau kula hadi jioni, kisha akafakamia kwa pupa tu. Hakujinyima kwa makusudi. Ukimfundisha huyo kuupenda mwili wake atakushangaa.

Wanaume msiwasahau. Wengi wao hawataki kukonda, wanataka misuli. Sheria zao zinaitwa nidhamu: protini kwa gramu, "kukausha" mwili kwa wiki kadhaa, chakula cha marufuku siku 1 kwa wiki ambacho kwa kweli ni kufakamia kulikopangiwa tarehe. Ukimuuliza "unaogopa kunenepa?" atasema hapana, naye anasema kweli. Muulize angejisikiaje kukosa mazoezi siku 3, na kama amewahi kukataa mwaliko kwa sababu hakujua chakula kitapikwaje.

Halafu pesa. Kijana anayekula mwanzo wa mwezi na kufunga mwisho wa mwezi kwa sababu mfuko umekauka anapitia njaa ileile ya Minnesota, na akipata chakula anaweza kufakamia kwa sababu hizohizo. Kabla ya kumpa ratiba ya milo 3 na vitafunwa 3, muulize kama ana uwezo wa kuinunua. Ni aibu kumwandikia mtu kasoro za kisaikolojia wakati kasoro iko kwenye mkoba.

Mazingira nayo yana uzito wake. Mfano unaotajwa sana ni wa Fiji: televisheni ilifika eneo la Nadroga mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker alipolinganisha wasichana wa shule wa mwaka huo na wa 1998, walioripoti kujitapisha ili wadhibiti uzito walitoka sifuri hadi asilimia 11.3. Yalikuwa makundi mawili tofauti ya wasichana, kwa hiyo tusiseme televisheni pekee ndiyo mkosaji. Hata hivyo, pale palikuwa na utamaduni uliosifia miili mikubwa, na haukuwakinga wote.

---

Fikra_na_Tabia

Pande_Mbili, kuhusu wasiojinyima uko sahihi, na wanaokwepa vyakula kwa hisia za mdomoni wanahitaji njia nyingine kabisa. Nilichotetea ni mpangilio wa kazi: hata aliyeanza kwa upweke, akishafakamia miezi kadhaa mara nyingi huanza kuruka milo kufidia, na ukiondoa njaa ndipo unaona kilichobaki ni nini.

Njia ya kuona kilichobaki ni kuchambua kila tukio la kufakamia kwa maswali 4. Je, kuna sheria ilivunjwa? Je, alikuwa amekula kidogo mno siku hiyo? Je, alikuwa amelewa au amechoka kiasi cha kulegeza breki? Je, kuna jambo baya lililotokea au hisia nzito? Tukio moja linaweza kuwa na majibu mawili au matatu. Baada ya matukio matano sita yaliyoandikwa kwenye shajara, mtindo unajitokeza wenyewe. Mmoja utaona karibu yote ni njaa. Mwingine, yote ni Jumapili jioni baada ya kuzungumza na nyumbani kwa simu, na ratiba ya chakula haitamsaidia mpaka Jumapili hiyo izungumzwe.

Kwa yale ya hisia, hamu ya kufakamia hupanda na kushuka yenyewe ikiachwa. Kijana aandike mapema, akiwa ametulia, mambo anayoweza kufanya yasiyoendana na kula: kuoga, kutoka nje, kumpigia mtu aliyemchagua. "Kutazama video" mara nyingi haifai, watu hula huku wanatazama. Ajipe dakika 15 kwanza, kisha aangalie hamu imefika wapi. Kinachoharibu zoezi hili ni kusubiri hadi yuko jikoni ndipo afikirie la kufanya. Hapo amechelewa.

Kuna lile neno "najiona mnene leo". Umbo la mtu halibadiliki kati ya saa 3 asubuhi na saa 8 mchana, lakini kujiona mnene kunabadilika ndani ya saa hizo. Kila kukipanda, aulizwe mambo mawili: nini kimetokea sasa hivi, na mbali na unene unahisi nini kingine? Utapata uchovu, kuachwa, aibu ya kujibu vibaya darasani, joto, nguo inayobana. Ukishakijua, kishughulikie hicho.

Kujikagua nako kuhesabiwe. Kwa siku 1 aandike kila mara alipojitazama kwenye kioo, kujifinya tumbo, kupima mkono kwa vidole, kujilinganisha na mwingine. Wengi hawajui wanafanya mara ngapi. Kwenye kulinganisha kuna hila: anachagua wembamba tu, anawatazama kwa mbali kwa sekunde 2, kisha yeye anajichunguza kwa karibu chini ya taa. Mpe jaribio: akitembea, amwangalie kila mtu wa tatu anayepishana naye, yeyote yule. Kwenye simu ni hivyohivyo. Kumwambia aache mitandao yote hakutekelezeki. Kurasa anazojilinganisha nazo azifiche kwa wiki 2, na shajara itaonyesha kama kuna tofauti.

---

Mnasihi_Mkufunzi

Nashukuru sana wakuu, nimepata zaidi ya nilichotegemea. Yamebaki mawili. Mnasihi aanzeje mazungumzo bila kijana kukana? Na kwenye ukumbi wa mafunzo, nionyeshe picha na mifano halisi ya mbinu wanazotumia, ili wanasihi wazitambue?

---

Sahani_na_Saa

La ukumbini: hapana. Hakuna picha za waliokonda, hakuna namba za uzito wala kalori, hakuna maelezo ya mbinu za kujitapisha au kuficha chakula. Kwenye chumba cha watu 30 wa umri huo yumkini wapo wenye tatizo tayari, nao watachukua namba kama shindano na mbinu kama somo. Programu za kinga zenye ushahidi mzuri hazielezi dalili. Ile iliyojengwa na Eric Stice hutumia vikao vifupi, mara nyingi 4 vya saa 1, ambamo vijana wenyewe wanapinga kwa sauti na kwa maandishi lile umbo linalotukuzwa: gharama zake, nani anafaidika, wangemwambia nini mdogo wao. Mtu akishatetea hoja mbele ya wenzake, ni vigumu kurudi kuishi kinyume chake. Hiyo unaweza kuifanyia mazoezi siku ya pili.

Usimsifie mtu kwa kupungua, hata kwa utani. Na aliyeanza kula asiambiwe "sasa umependeza, umejaa". Atasikia "umenenepa".

---

Fikra_na_Tabia

Mazungumzo: faragha, mbali na muda wa chakula, na uanze na ulichokiona badala ya ulichohitimisha. "Nimeona wiki hizi mbili huji kula na wenzako, na umekuwa ukisema umechoka. Mambo yakoje?" Akikana, usibishane. Mwambie utamuuliza tena wiki ijayo, kisha muulize kweli. Usimwombe aahidi hatajitapisha tena. Atashindwa, na ataanza kukuficha.

Kama hatari alizotaja Zamu_ya_Usiku hazipo, usianze na hasara za afya. Muulize tabia hii inampa nini. Kwa wenye kujinyima, jibu la kawaida ni kwamba ndiyo sehemu pekee ya maisha anayoona anaimudu, hasa mwaka wa kwanza wa kuishi mbali na nyumbani. Kisha mchoree duara, aligawe vipande kulingana na mambo anayojipimia thamani yake: masomo, urafiki, imani, kazi, vipaji, umbo. Kipande cha umbo kikila zaidi ya nusu, atakiona mwenyewe. Kazi ya wiki zinazofuata ni kukuza vipande vingine, kwa jambo dogo lililopangiwa siku na saa. Kukipiga vita kile kikubwa moja kwa moja hakuzai kitu.

Na wanasihi wako wajue wanampeleka kwenye nini. Tiba ya fikra na tabia ya matatizo haya kwa asiyekonda sana ni vikao 20 ndani ya wiki 20 hivi. Aliyekonda huhitaji karibu mara mbili. Mabadiliko ya wiki 4 za kwanza ndiyo yanayotabiri vizuri mwisho utakuwaje, kwa hiyo miadi ya mwanzo asikose. Kwa bulimia daktari anaweza kuongeza fluoksetini, dawa ya sonona, na dozi iliyothibitishwa ni miligramu 60 kwa siku, kubwa kuliko 20 ya kuanzia kwenye sonona, hivyo kijana asishtuke wala asijipunguzie. Daktari aambiwe ukweli wote kuhusu kujitapisha, maana bupropioni, dawa nyingine ya sonona, hairuhusiwi kwa mwenye bulimia au anoreksia: inaongeza hatari ya degedege.

---

Zamu_ya_Usiku

Nyongeza kwenye rufaa: mnasihi aandike kwenye barua amepungua kilo ngapi kwa miezi mingapi, anatapika mara ngapi kwa wiki, dawa gani anatumia, amezimia lini, hedhi ya mwisho lini. Barua iliyoandikwa "ana msongo wa mawazo, hali chakula vizuri" inamweka mwisho wa foleni.